Bonde Alilolitoa Mara Mbili

Nilizaliwa Matiri, mlimani, nikaolewa Lundo, ziwani. Kwa hiyo nilikuwa na kwetu kuwili na lugha mbili za nyumbani: Kimatengo cha mama yangu na Kinyasa cha mama mkwe. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha shule na cha watu wa boma. Katika miaka ya mwisho ya Waingereza, serikali ilipoanza kuruhusu watu wachague wenyewe wajumbe wa baraza, lugha zile mbili nusura zinitoe roho.

Mwaka huo nilipanda kwetu kumsaidia mama kuchuma kahawa, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamevimba. Mtoto mdogo nilimbeba mgongoni, mkubwa nikamwacha kwa bibi yake Lundo. Jumapili, misa ilipokwisha, watu hawakutawanyika. Walikuwa wameambiwa wasubiri. Padre alipoondoka, mtu mmoja mrefu, mwenye koti jeusi na rozari shingoni, akasimama kwenye ngazi za kanisa.

Wengi walimfahamu. Alikuwa karani wa ghala la kahawa kwa miaka mingi. Mama yake alitoka mlimani na baba yake ziwani, hivyo lugha zote mbili alizinyonya utotoni. Sasa alikuwa anagombea ujumbe kwa eneo lote, kuanzia mashamba yetu ya kahawa mpaka ufukweni. Alikuwa na sauti nzuri. Nasema hivyo kwa haki. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuhurumia.

"Ndugu zangu," alisema kwa Kimatengo, "ardhi yenu imechoka. Mnachimba mashimo ya kilimo cha ngoro palepale walipochimba babu zenu. Kijana akioa, baba yake anamgawia shamba la upana wa mkeka. Mtaishi hivi mpaka lini?"

Watu wakaguna.

Akanyoosha mkono magharibi, upande ambako milima inaporomoka kwenda ziwani. "Kule chini kuna bonde. Udongo mweusi, maji hayakauki. Nani analilima? Watu waliozoea samaki. Wanakwaruza kipande, kingine wanawaachia nguruwe. Nikiingia barazani, bonde lile ni lenu. Mvua za kwanza zikinyesha, shukeni na majembe yenu. Mimi nitakuwa nyuma yenu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yangu. Alikuwa ameoa mwaka uliotangulia, naye na mkewe walikuwa bado wanalala katika jiko la mama. Alinishika mkono.

"Dada, wewe unalijua bonde hilo. Udongo wake ni kweli kama anavyosema?"

"Ni kweli," nilimjibu. "Lakini lina wenyewe. Mpunga wa baba mkwe wangu uko pale. Mihogo yetu iko pale."

"Watasogea kidogo," alisema, huku macho yake yakiwa bado kwa msemaji. "Si umesikia? Kuna nafasi."

Hakukuwa na nafasi. Mimi nilipalilia pale kila mwaka tangu niolewe, nalijua bonde lile mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia hivyo jioni, nikamwambia na baba. Baba alisikiliza, akasema mtu aliyezaliwa na mama wa kwetu, tena aliyetoka kanisani na rozari shingoni, hawezi kudanganya mchana kweupe.

Niliteremka na wanawake waliokuwa wanapeleka maharage ziwani kubadilishana na usipa, wale dagaa wa ziwani. Kilikuwa kiangazi kikali. Miteremko yote ilikuwa inaungua, kama inavyoungua kila mwaka watu wanapochoma nyasi, lakini safari hiyo moshi haukupanda. Ulilala mabondeni, ukatufuata njia nzima, macho yakatuwasha. Tulipofika mahali ambapo ziwa linaonekana, tuliona mawingu ya wadudu wadogo wanaozaliwa ziwani yamesimama juu ya maji, meusi, mengi kuliko nilivyowahi kuyaona. Mmoja wa wale wanawake akafanya ishara ya msalaba. Sikumuuliza kwa nini.

Wiki haikuisha, mgombea naye akafika Lundo.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kuanikia usipa. Koti hakulivaa. Alivaa shati lililo wazi kifuani, na rozari haikuwapo shingoni, kwa sababu Lundo wengi walikuwa wa misheni nyingine. Alisalimia wazee kwa Kinyasa kizuri, akatania wavuvi, akasifu ugali wa mihogo. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ileile ya kuhurumia.

"Watu wa mlimani wamejaa mpaka wanakanyagana," alisema. "Wanaliangalia bonde lenu. Mimi nimetoka huko, nimewasikia kwa masikio yangu. Mkinichagua, hakuna jembe la mlimani litakalogusa udongo ule. Na wakishuka kabla sheria haijafika, ninyi ni wanaume. Mnajua la kufanya."

Wanaume wakapiga makofi. Mume wangu naye alipiga. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake pembeni, sikupiga.

Nyumbani nilimwambia mume wangu, "Baba mtoto, mtu huyu Matiri alisema kinyume kabisa. Aliwaambia washuke. Aliwaambia bonde ni lao."

"Alisema kwa lugha gani?"

"Kimatengo."

"Nani mwingine wa hapa alisikia?"

"Hakuna. Mimi tu."

Aliendelea kufunga nyavu. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa na desturi ya kunipuuza. Mwisho akasema twende kwa baba yake. Baba mkwe alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole, "Mkwe wangu, kila anayetaka kura husema maneno ya kuwapendeza watu. Muhimu ni moyoni yuko upande gani. Huyu baba yake alikuwa wa hapa. Tumwingize kwanza."

Nikakumbuka kwamba kule mlimani baba yangu alikuwa amesema vilevile, ila yeye alimtaja mama wa mtu huyo.

Kulikuwa na mgombea wa pili, mwalimu wa dini mwenye umri mkubwa na sauti ya kukwaruza. Naye alipita Lundo akihutubia. Aliwaambia watu kwamba bonde ni dogo, haliwatoshi hata wanaolilima sasa, na kwamba lazima wazee wa pande zote mbili wakutane wapange mipaka, na kila upande ukubali kupunguziwa. Kabla hajamaliza, nusu ya watu walikuwa wameondoka. Mmoja alisema kwa sauti, "Huyu amekuja kutuomba au kutunyang'anya?" Watu wakacheka sana.

Yule wa kwanza aliporudi Lundo kwa mkutano wa mwisho, niliamua kuuliza. Kura zilikuwa za wanaume walipa kodi, za kujipanga mistari. Sisi wanawake hatukuwa na mstari wa kusimama, lakini hakuna aliyekuwa ametukataza kusema. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikainuka.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, dada yangu."

"Nina swali moja. Matiri, mbele ya kanisa, ulisema mvua za kwanza washuke wakalime bonde. Hapa unasema hawataligusa. Bonde ni hilohilo moja. Umempa nani?"

Nilisikia hata usipa mkavu ukichakacha juu ya vichanja. Nikadhani nimeshinda. Yeye alitabasamu tu, akawageukia watu.

"Mmemsikia dada yetu," alisema. "Anatoka wapi?"

"Mlimani!" sauti kadhaa zikajibu.

"Mimi simlaumu. Baba yake na ndugu zake wako huko. Amewaonea huruma. Lakini jiulizeni wenyewe, nani amemtuma aje kuvuruga mkutano wenu, siku chache kabla ya kura?"

Mnong'ono ulianza nyuma, ukaja mbele. Mwanamke aliyekaa karibu nami alinivuta nguo. "Kaa chini. Unatutia aibu." Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama chini.

Mkutano ulipokwisha, mgombea alipita akipeana mikono na watu. Alipofika kwangu alisimama, akamshika mtoto wangu shavu, akacheka naye. Kila aliyekuwa karibu aliona mtu mkubwa anayesamehe. Ndipo akasema nami kwa Kimatengo, polepole, bila kuacha kutabasamu.

"Dada, una watoto wadogo. Na nyasi za paa lako ni kavu sana mwaka huu."

Kisha akageuka, akamsalimia mtu mwingine kwa Kinyasa.

"Amekwambia nini?" mama mkwe akaniuliza.

"Amenitishia kutuchomea nyumba."

Mama mkwe alimfuata mtu yule kwa macho. "Alikuwa anacheka," alisema.

Asubuhi ya pili, nilipofungua mlango nikachote maji, nilikuta mzigo wa nyasi kavu umewekwa kizingitini. Ulikuwa umefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, kama mzigo anaoleta jirani kumsaidia mtu anayeezeka. Mume wangu alitoka, akauona. Aliubeba mpaka ufukweni, akaufungua, akaumwaga majini. Tangu siku hiyo aliniamini, nami naweza kusema kwamba kuaminiwa kule hakukunisaidia chochote. Alikuwa anaogopa. Aliniomba nisiseme tena mbele za watu, akalala akiwa ameweka ndoo za maji kando ya mlango.

Kwenye maji, wanawake walianza kunyamaza nikifika. Walinijibu salamu, kisha wakaangalia vyombo vyao. Wengine nilikuwa nimewapokelea watoto kwa mikono yangu.

Nilijaribu upande wa pili. Mwanamke mmoja wa mlimani aliyekuja na maharage nilimpa ujumbe kwa mdogo wangu: asishuke, huku wanaume wanawangoja, mtu yule amewadanganya wote. Aliporudi safari nyingine aliniletea jibu. Alilisema huku akipanga samaki wake kikapuni, bila kunitazama usoni.

"Amesema, 'Mwambieni dada ameshakuwa mtu wa huko. Analinda mpunga wa mumewe.'"

Siku ya kura, wanaume walipangwa mistari nyuma ya wagombea, karani akapita akihesabu. Nyuma ya mwalimu wa dini walisimama wachache, wengi wao wazee. Mstari wa yule mwingine ulizunguka uwanja. Mume wangu alisimama katika mstari mrefu. Aliporudi alisema, "Wangeniona." Kule mlimani, nilisikia baadaye, ilikuwa hivyohivyo, na mdogo wangu alisimama mbele kabisa.

Jumapili iliyofuata mjumbe wetu mpya alishukuru katika kanisa la mlimani, na Jumapili nyingine akaja kushukuru katika kanisa letu. Alipiga magoti muda mrefu. Nilikuwa nyuma yake. Niliangalia soli za viatu vyake nikashindwa kusali.

Kisha tukabaki kungoja mvua. Sijawahi kuichukia mvua kabla ya mwaka huo. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya milima, radi ikanguruma mbali, na watu wa Lundo, badala ya kufurahi, walisimama milangoni wakitazama njia inayoteremka. Wanaume walinoa mapanga ufukweni pamoja, kama watu wanaotengeneza nyavu. Hakuna aliyesema ni ya nini. Baba mkwe, ambaye alikuwa ameacha kulima, naye alinoa lake.

Mvua ya kwanza ilinyesha kutwa nzima. Kulipokucha kesho yake, tulisikia nyimbo. Walikuwa wanashuka kwa kundi, wanaume kwa wanawake, majembe mabegani, mbegu za mahindi vikapuni. Waliimba wimbo wa kulima, ule niliouimba mimi mwenyewe nikiwa msichana. Hawakuja kwa vita. Hilo nataka lieleweke. Walikuja kama watu walioitwa.

Nilimkabidhi mama mkwe watoto, nikakimbia bondeni. Nilifika wakati wanaume wa Lundo wamejipanga kwenye ukingo wa mashamba ya mpunga na watu wa mlimani wamesimama upande wa matete. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kuniona.

"Waambie tumepewa," aliniambia kwa Kimatengo. "Mjumbe ametupa. Waambie wamuulize."

Nikageuka, nikawaambia watu wa Lundo kwa Kinyasa, "Wanasema mjumbe amewapa. Amewadanganya kama alivyowadanganya ninyi. Mngojeni aje aseme mbele ya wote!"

"Mwongo!" akapiga kelele binamu ya mume wangu, mtu mkubwa mwenye hasira za haraka. "Tangu mwanzo ulikuwa wao!"

Nilizungumza huku na huku mpaka sauti ikakauka. Nadhani kwa muda mfupi walinisikiliza. Nilimwona mzee mmoja wa mlimani akishusha jembe lake chini. Lakini nyuma, upande wa kibanda cha kulindia ndege, mtu alikuwa amekwisha kuanza kuchimba, na mwingine akamsukuma, na yule aliyesukumwa akaanguka ndani ya mfereji. Baada ya hapo hakukuwa na lugha tena.

Siwezi kueleza yote. Nilimwona binamu ya mume wangu akiinua panga, na mdogo wangu akikinga kwa mkono. Kisha nikamwona binamu yule mwenyewe ameanguka kifudifudi katika maji ya mpunga, jembe likiwa kando yake, na hakuinuka. Hakuna aliyesema waziwazi ni nani aliyempiga. Mume wangu alitupa panga lake kwenye matete, akaja akamwinua mdogo wangu, akambeba mgongoni, akaanza kupanda naye kuelekea mlimani, huku watu wa kwao wakimwita msaliti. Mimi nilifuata nimeushika ule mkono usianguke. Nasema usianguke kwa sababu ndivyo ulivyokuwa.

Hakufa. Mapadre walimtibu. Lakini vidole havikufunga tena, na mkulima asiyeweza kushika mpini ni mtu wa kulishwa na mkewe. Binamu ya mume wangu tulimzika Lundo. Kwenye mazishi nilikaa peke yangu.

Baada ya mazishi, Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, alikuja na askari, na mjumbe wetu akaja pamoja naye. Waliwaita wazee wa mlimani na wa ziwani wakakutane bondeni. Mara hiyo mjumbe alisema Kiswahili, ili Mzungu afuate.

"Bwana," alisema, "mimi niliwaonya watu hawa tangu mwanzo. Niliwaambia bonde hili ni la serikali, pasiwe na mtu wa kuligusa mpaka utolewe uamuzi. Niliwaambia kule, nikawaambia na hapa. Hawasikii. Ni wakulima tu, Bwana, wanapandwa na hasira."

Kila mtu pale alijua Kiswahili cha kutosha. Kila mtu alielewa. Wazee wa Matiri waliwatazama wazee wa Lundo, na kwa mara ya kwanza niliona wamejua kwamba waliuzwa pamoja. Nikamtazama baba yangu, aliyekuwa ameteremka kwa fimbo.

"Kuna mwenye neno?" Bwana Shauri akauliza.

Nikangoja. Nilitaka mmoja wa wanaume aseme, kwa kuwa wao ndio waliosimama mistarini. Hakusema mtu. Nadhani waliona aibu, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko uchungu wa kufiwa. Nikainuka.

"Mimi ninalo, Bwana. Mtu huyu anasema uongo. Aliwapa hawa bonde kwa Kimatengo, akawapa hawa kwa Kinyasa. Nilikuwapo kote."

Bwana Shauri alimgeukia mjumbe. Mjumbe akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama huyu amefiwa na shemeji, na mdogo wake ameumizwa," alisema. "Akili haijatulia. Tumwombee."

Bwana Shauri akawauliza wazee kama maneno yangu ni kweli. Baba yangu alifungua mdomo, akaufunga. Baba mkwe alikohoa. Kisha Mzungu akafunga mkutano. Bonde likawekewa nguzo, ikatangazwa kwamba pande zote mbili haziruhusiwi kulima. Mpunga uliokwisha kuota ulizama ndani ya magugu. Mwaka ule tulikula mizizi, na kule mlimani, mama aliniambia, hali haikuwa nafuu.

Wanawake wa maharage hawakushuka msimu ule wala uliofuata. Mjumbe alibaki mjumbe.

Mume wangu hakusamehewa na ndugu zake kwa kumbeba shemeji yake siku ile ya mapigano, siku ya mazishi ya akili zao, kama alivyoiita mwenyewe. Tulihamia Lipingo, kwa mjomba wake, tukapewa kipande chenye mawe juu ya ufukwe. Mihogo ilikubali kwa shida. Watu walikuwa wema. Mdogo wangu alikuja kututembelea mara moja, akakaa siku kadhaa, akacheza na watoto kwa mkono wake mzima. Bonde hatukulitaja.

Uhuru ulikuwa unazungumzwa kila mahali wakati boti ya injini ilipotia nanga Lipingo asubuhi moja. Alishuka kijana aliyevaa vizuri, si yule wetu, mtu mwingine kabisa, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya yule. Alikuwa anagombea. Mkutano ulipangwa alasiri, lakini kwanza alitaka kukaa faragha na wazee, na mjomba wa mume wangu akaniita niwapikie.

Nilikuwa naweka ugali mbele yao aliposema, kwa heshima kubwa, "Wazee wangu, kabla sijasema lolote nataka nijifunze. Hivi ninyi na majirani zenu mnagombania eneo gani?"

Mjomba aliweka tonge chini. Akageuka, akanyoosha kidole kaskazini, kule ng'ambo ya kijito, na wazee wengine wote wakaanza kusema kwa pamoja.